Mangi Wetu Aliye Mbali

Dada yangu Ndekirwa,

Shikamoo. Najua huko Uchagani wanakuita Maria, lakini mkono wangu umekataa kuandika Maria. Nikiandika hivyo naona kama namwandikia mke wa mtu fulani nisiyemjua, wala si wewe uliyekuwa ukinibeba mgongoni kutoka mtoni, ukinifinya mapaja ili nilie kwa nguvu, Mama asikie kwamba kazi uliyopewa ni nzito.

Nimefungiwa. Nianze na hilo, maana hukupenda kamwe nilipozungukazunguka na maneno. Nimefungiwa katika stoo ya shule hapa misheni, ile ile ya chaki na vibao, ambamo siku hizi yanawekwa pia magunia ya kahawa. Mlangoni yuko askari wa boma la Arusha, mtu wa mbali, hajui Kimeru, na anakohoa kutwa nzima kwa baridi yetu. Kadirisha ni kadogo, hata kichwa hakipiti. Nimejaribu, usicheke. Nikisimama juu ya gunia naona migomba, na mawingu yakipenda naona kipande cha mlima. Niliingizwa humu Alhamisi. Leo ni Jumamosi.

Kosa langu ni sala. Haya, sasa cheka.

Nimepewa wino na karatasi mbili. Kwenye karatasi moja natakiwa niandike jina moja tu, la mtu aliyeyatunga maneno ya ile sala ya Kaisari, na kabla ya ibada ya kesho niwe nimeikabidhi. Karatasi ya pili ni ya akiba, nisije nikaharibu ya kwanza. Ndiyo hii. Na ile sala unaijua, dada. Jina nalo unalijua.

Unaukumbuka ule ubaraza wa nyumba ya Bwana? Wewe ulikuwa unachambua maharage ya mke wake, mimi nimekaa na kibao changu, nimejaa kiburi kwa sababu Kiswahili changu kilikuwa kinaanza kuwa kizuri. Bwana wetu, mchungaji Mjerumani wa hapa misheni, akatoka na kitabu chake cha Kijerumani, akasema imetoka amri kwamba kila Jumapili Wakristo wote wamwombee Kaisari, na lazima iwe kwa lugha ya wenyeji ili iguse mioyo. Akauliza, "Kaisari kwa Kimeru tumwite nani?" Mimi, mwepesi wa kujipendekeza kama kawaida yangu, nikaruka, "Mangi, Bwana!" Akafurahi. Alishakaa Kilimanjaro, alijua Mangi ni mtawala.

Na wewe, bila hata kuinua macho kutoka kwenye ungo, ukasema, "Lakini Bwana, Mangi mwingine yupo hapa, aliyewekwa na boma. Watu watachanganya. Afadhali useme Mangi wetu aliye mbali."

Bwana akajipiga paja kwa furaha. Kweli kabisa! Kaisari yuko mbali, ng'ambo ya bahari. Akaandika pale pale, tukamsaidia neno kwa neno: Mungu, umkumbuke Mangi wetu aliye mbali, ambaye hatumwoni kwa macho.

Jumapili ile sitaisahau. Bwana alisoma sala, na alipofika hapo, kanisa lote likanyamaza, kisha ikatoka amina ambayo sikuwahi kuisikia, si kwenye Krismasi, si kwenye Pasaka. Benchi za wanawake zikaanza kulia. Mama alilia mpaka shuka ikalowa. Bwana mwenyewe akavua miwani akaifuta. Baadaye aliandika barua kwao Ujerumani kwamba watu wa mlima Meru wanampenda Kaisari hadi machozi, na barua ikachapishwa katika gazeti la kanisa lao. Alituonyesha, akatusomea, tukaitikia, "Ndiyo, Bwana."

Mimi nilielewa tukiwa njiani kurudi nyumbani Akheri. Ndivyo nilivyokuwa mjinga. Mama alikuwa mbele yetu, akasema peke yake, "Kumbe hata Mungu wa Wajerumani amekubali tumkumbuke." Mangi wetu! Yule waliyemnyonga pale bomani, mwaka ule watu walipokuwa wakibebeshwa mawe ya kujengea kuta, mwaka ambao Baba alikwenda kubeba na hakurudi. Walituita wote tukatazame. Ulikuwa umenibeba. Ulinishusha, ukanigeuza, ukanibana uso kwenye tumbo lako ukanifunika macho kwa mikono yote miwili. Kwa hiyo mimi siku ile nakumbuka harufu ya ngozi uliyovaa, basi. Uliyoyaona wewe hujanisimulia hadi leo.

Nikakushika mkono pale njiani, nikanong'ona, "Dada, tumekosea. Watu wamedhani ni yule."

"Nani kakwambia tumekosea?"

"Lakini Bwana..."

"Yuko mbali, au hayuko mbali?"

"Yuko mbali."

"Tunamwona?"

"Hatumwoni."

"Basi Bwana hajadanganywa. Kaisari wake naye yumo humo humo. Wakae pamoja, watajuana."

Ukaendelea na safari yako, kikapu kichwani, shingo imenyooka. Mwanamke wewe! Nilikuogopa siku ile, na nilikupenda vibaya sana.

Humu ndani sina kazi ila kukumbuka. Nakumbuka siku zile tulipokuwa tukipeleka ndizi sokoni Arusha, tukawa tunawahesabu Wakristo. Kaburu mmoja kashuka kwenye gari lake la ng'ombe na Biblia kubwa kama tofali, tukamwamkia kwa jina la Yesu, akatufukuza kama kuku. Mgiriki mwenye shamba yeye alikuwa na picha ya Bikira ukutani na taa inawaka mbele yake, akatupa maji ya kunywa, lakini Bwana aliposikia alisema yule si Mkristo vizuri. Waroma, Bwana alisema, ndio wabaya zaidi, wanamtii mzee mmoja wa Italia. Na sisi Walutheri tunamtii nani? Ukamuuliza hivyo, mbele ya darasa zima. Akasema Neno la Mungu tu, kama alivyolifunua yule mtawa wa Kijerumani. Ukauliza tena, "Na Yesu naye alikuwa Mjerumani?" Bwana akajibu kwamba alikuwa Myahudi. "Basi huko Ujerumani na yeye ni mgeni," ukasema. Ukapewa kazi ya kufagia kanisa wiki nzima, na ulifagia huku unaimba.

Halafu akaja fundi wako.

Sikumpenda, nakiri. Mchaga mrefu, Mroma, ameletwa kujenga mnara wa kengele kwa sababu hapa hapakuwa na mtu wa kunyoosha ukuta. Kabla ya kula anagusa paji la uso na kifua na mabega. Nilikuuliza kwa dharau, "Huyu anajipangusa nini?" Ukanijibu, "Na wewe unafumba macho ya nini, kuna moshi?" Mnara ulipokwisha na wewe ukaondoka naye. Nikasikia padre wa huko amekumwagia maji tena, eti kwa tahadhari, kama vile yale ya kwanza hayakuingia, na amekupa jina jingine.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Wazee wa kanisa walikaa, wakaamua utengwe na ushirika. Karatasi wakanipa mimi, mwalimu wao, niisome, kwa sababu sauti yangu ndiyo iliyo wazi. Ningeweza kusema nina kikohozi. Ningeweza kusema huyu ni dada yangu, mpeni mwingine. Sikusema. Nilisimama nikasoma kwamba Ndekirwa ametengwa kwa kuwa amefuata Roma, na nilisoma vizuri, dada. Nilipofika kwenye Roma nilipandisha sauti. Mama aliinuka akatoka nje, na kwa miezi mingi alinipa chakula bila kuniangalia usoni. Sijawahi kukuomba radhi. Kila mara nilijiambia kwamba njia ni ndefu, kwamba kazi ni nyingi, kwamba na wewe ungeweza kuja. Uongo mtupu.

Ikaja vita. Tangu hapo hata Mungu kavalishwa sare. Bwana Shauri, yule afisa wa Kijerumani wa boma, anakuja kanisani na buti zake, anakaa mbele. Bwana wetu anahubiri kwamba Mungu aliwapa Wajerumani imani iliyo safi, kwamba Kaisari ni mtu wa Injili kama sisi, kwa hiyo adui wa Kaisari ni adui wa Injili. Mimi nasimama pembeni natafsiri. Kinywani inatoka Kimeru safi, na kichwani najiuliza: Waingereza nao si wanasoma Biblia hii hii? Nao si wana mchungaji anayewaambia hivyo hivyo? Tena siku hizi wanasema mapadre wenu wanaongea Kifaransa mezani, lugha ya adui, kwamba Waroma wote wa Kilimanjaro waangaliwe. Jumapili moja nilikuwa naomba kwa sauti kubwa Mungu awaangamize adui zetu, na katikati ya sentensi nikagundua wewe umo kati yao, na wanao, ambao hata sijawaona. Nilimalizia sentensi. Ningefanya nini, jamani? Kanisa zima lilikuwa linanitazama.

Na jinsi mambo yalivyoharibika, utastaajabu. Jumapili iliyopita Bwana Shauri aliona wanawake wanalia kwenye sala ya Kaisari. Akaguswa, maskini. Baada ya ibada akamwendea mmoja wao amshike mkono, na kati ya wote akamwendea Mama. Akamuuliza kwa mkalimani wake, "Mama, unamlilia Kaisari?" Mama hajui kusema uongo, unamjua. Akajibu, "Namlilia Mangi wetu, mliyemnyonga."

Mkalimani alisita. Kisha akatafsiri.

Mama hawakumkamata, wakasema ni mwanamke mzee hajui kitu. Wanachotaka ni aliyeyapanga maneno, maana wakati wa vita wanasema huo ni uchochezi. Vibao vya darasa letu vimekaguliwa. Kitabu cha sala kimechukuliwa. Na kwa kuwa siku ile kwenye ubaraza tulikuwa watu watatu, na mmoja ni Mjerumani, hesabu yao si ngumu.

Bwana alikuja dirishani jana mchana. Amezeeka ghafla. Alisema, "Mliniacha niandike mpaka Ujerumani." Nilimwonea huruma, amini usiamini. Aliwahi kuniuguza homa kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akasogea karibu, akasema polepole kwamba Bwana Shauri ametishia kuifunga shule na kulifanya kanisa ghala la jeshi, isipokuwa ithibitike kwamba uovu huu haukutoka kwa Walutheri. "Nakumbuka ni yeye aliyesema aliye mbali," akasema. "Mimi mwenyewe siwezi kulisema, mimi ni mchungaji. Andika wewe jina la Ndekirwa. Boma watafurahi, maana wanatafuta sababu juu ya mapadre wale. Na wewe utabaki mwalimu wangu."

Nikamwambia, "Bwana, ni dada yangu."

Akasema, "Alikwisha kutengwa, mwanangu. Huwezi kumtenga mtu mara mbili."

Akaenda zake. Nilikaa juu ya gunia mpaka jua likaanza kushuka.

Nikiandika jina lako, shule inabaki, kanisa linabaki, mimi nabaki, na askari wanapanda Kilimanjaro kukutafuta kwa kamba. Nikiandika langu, ni hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele ya watu, kisha upagazi wa jeshi, ambao walimu tumesamehewa. Umeona wapagazi wanavyopita njia ya Usa, hapa chini yetu? Wanaokwenda ni wengi, wanaorudi sijamwona hata mmoja. Nikikataa kuandika, wanamchukua Mama wamuulize vizuri. Nimegeuza hivi, nimegeuza vile. Kila upande kuna ukuta, na kuta zingine nilizisaidia kuzijenga mwenyewe kwa sauti yangu nzuri.

Naogopa, dada. Naogopa sana. Na kwa kuwa sitaki kukuficha kitu tena, jua na hili: jana jioni nilichovya kalamu nikaandika Nde. Herufi tatu. Mkono ulizifanya wenyewe, na mwandiko ulikuwa mzuri. Nilizitazama mpaka wino ukakauka.

Leo asubuhi askari alimruhusu Mama kuniletea ndizi. Alikaa kwenye magunia, akaiona karatasi. Hajui kusoma, lakini akaweka kidole chake juu ya zile herufi tatu, akauliza, "Hapa umeandika nani?" Nikaivuta karatasi. Akaelewa. Hakunifokea. Alisema tu, "Mimi nina watoto wawili. Sijawahi kuwa na mmoja." Kisha akanimenyea ndizi kama vile nina miaka minne, akakaa mpaka nimemaliza.

Alipoondoka niliyafuta yale maandishi kwa wino mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Chini yake nikaandika jina langu lote, la nyumbani na la ubatizo. Nikaongeza kwamba dada yangu siku ile alikuwa jikoni. Naam, ni uongo. Bwana anajua ni uongo, na ili akanushe itabidi aseme yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya boma. Sijui kama atasema. Nadhani hatasema.

Sasa ni Jumapili, mchana. Nimerudishwa stooni, na haya yaliyobaki nayaandika haraka.

Asubuhi nilimkabidhi Bwana karatasi. Aliisoma pale alipofutwa mtu, akasoma chini, akaikunja. Akasema, "Utasoma sala kwanza. Bwana Shauri anataka wakusikie wewe mwenyewe ukirekebisha." Wakanipeleka kanisani askari akiwa nyuma yangu. Kanisa lilijaa mpaka mlangoni, hata watu wasiokuja miezi yote walikuja.

Nikasimama mahali pale pale nilipokusoma wewe. Nikasoma kama nilivyoandikiwa: Mungu, umlinde Kaisari, mfalme wa Wajerumani, uwape ushindi askari wake. Hakuna Mangi. Hakuna aliye mbali. Nikasubiri amina. Aliitikia Bwana, akaitikia Bwana Shauri. Basi. Watu wote wale walikaa kama mawe, wakiangalia miguu yao. Nilimsikia yule askari wangu akikohoa.

Ilikuwa nikae. Sikukaa. Sikupanga, dada, nakuapia, kinywa kilifunguka chenyewe kama ile siku ya ubaraza, ila safari hii sikuwa najipendekeza kwa mtu. Nikasema kwa Kimeru, kwa sauti ile ile ya kutengea watu:

"Tena umkumbuke Ndekirwa aliye mbali, ambaye hatumwoni kwa macho."

Lo! Amina iliyotoka ilikuwa ile ya kwanza, ile yenyewe. Ilitoka kwenye benchi za wanawake ikaja mpaka kwa wazee wa kanisa, wale wale waliokaa kukuhukumu, nao wakaitikia. Mama alisimama. Bwana Shauri akamgeukia Bwana wetu na kumuuliza nimesema nini. Bwana akamjibu kwa Kijerumani. Kijerumani changu ni kidogo, lakini nilisikia akisema kwamba nimemwombea dada yangu, kwamba yuko mbali. Hakuongeza neno.

Kesho wananipeleka bomani, na kutoka huko popote mizigo inapokwenda. Mama ataichukua barua hii chini ya maganda ya ndizi, atampa yule mama wa Kichaga anayepita na magadi. Ataifunga kwa jani la isale lililopigwa fundo. Waroma na Walutheri sijui wanasemaje juu ya isale, lakini wewe unajua anayeletewa hakatai kusamehe. Nisamehe kwa siku niliyoisoma ile karatasi. Wabusu wanao. Mwambie shemeji mnara wake bado umenyooka, nauona nikisimama juu ya gunia.

Waliniambia nikutaje, dada. Nimekutaja.

Ni mimi mdogo wako, uliyemfunika macho.